Jezi 16, Wachezaji 25: Msiwakate Watu wa Benchi

Vijana wenzangu wa hapa Nakivale, na nyinyi mlioko Kyaka, Kakuma, Nyarugusu na kwingineko, maneno haya ni yenu. Ndugu zetu wa mashirika, najua huwa mnasoma maandishi yetu kimya kimya. Leo nataka tuongee mpira. Kama wewe si mtu wa mpira, vumilia kidogo, maana mbele utaona hata wewe umo.

Mimi ni shabiki wa Arsenal. Wengine mmeshaanza kucheka. Chekeni tu, tumezoea. Tena mimi ndiye ninayeshika daftari la ekipe yetu: naandika nani amekuja mazoezini, nani amecheza dakika ngapi, nani amechukua jezi na hajairudisha. Ni msimu wa tatu sasa nafanya hiyo kazi, na hakuna anayenilipa.

Jumapili iliyopita kamati ilikaa chini ya mti kupanga kikosi cha msimu mpya. Kuna shirika moja ambalo miaka yote lilikuwa linatupa jezi na mipira. Safari hii wametuambia bajeti imekatwa, watatoa jezi 16 basi. Kamati ikapiga hesabu fupi: jezi 16, wachezaji 16. Sisi tuko 25. Kwa hiyo watu tisa waende zao.

Nikapewa majina niyaandike. Watano ni wale wenye kesi za kwenda nchi ya tatu, kwa sababu "hawa watatuacha saa yoyote". Wanne ni wadogo wa miaka 16 na 17, kwa sababu "bado hawajaiva". Nikaomba niseme neno moja. Mzee mmoja wa kamati akanijibu kwa upole tu: "Dada, wewe andika. Mambo ya kikosi tuachie sisi."

Nikaandika. Lakini kuandika si kukubali. Uamuzi wa mwisho ni Jumapili hii, ndiyo maana naleta maneno yangu hapa kabla haijafika. Ninachosema ni kimoja: tukikata benchi tumekata ekipe. Na mtu wa kwanza aliyenifundisha hivyo si kocha wetu. Ni Arsenal, kwa machozi.

Turudi Machi 2023. Ilikuwa tarehe 16, tumejaa kibandani, Arsenal na Sporting ya Ureno kwenye Europa League. Mechi ilianza saa tano usiku kwa saa zetu. Kwenye ligi tulikuwa juu, tunaongoza, tayari watu wanahesabu siku za kubeba kombe. Kipindi cha kwanza tu Tomiyasu akatoka, ameumia. Hatujakaa vizuri, Saliba naye akakaa chini, mgongo. Tukatolewa kwa penalti, saa saba za usiku zimepita, tukarudi nyumbani gizani tunaambiana, "Si kitu, bana, ligi bado yetu."

Haikuwa yetu. Aliyeingia kwenye nafasi ya Saliba ni Rob Holding. Aprili ile mnaikumbuka. Liverpool, tuko mbele 2-0, ikaisha 2-2. West Ham, tuko mbele 2-0, ikaisha 2-2. Southampton waliokuwa wa mwisho kabisa kwenye ligi, 3-3, tena nyumbani kwetu. Halafu Manchester City wakatupiga 4-1. Tulikuwa tumekaa kileleni siku 248, na mwisho City wakamaliza na pointi 89, sisi 84.

Watu kibandani walimtukana Holding mpaka wakachoka. Hata mimi nilimtukana, sitaki kudanganya. Lakini baadaye nikajiuliza: huyu mtu alikuwa amecheza kiasi gani kabla ya ile Aprili? Kazi yake ilikuwa kuingia dakika za mwisho kulinda bao wakati mechi imeshakwisha. Halafu siku moja akaambiwa abebe ubingwa mabegani. Jina lake kwenye benchi lilikuwepo. Dakika hazikuwepo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kikosi kipana si kuwa na majina mengi kwenye karatasi. Ni kuwa na watu ambao miguu yao imeshazoea joto la mechi kabla hujawahitaji.

Basi ungefikiri Arsenal walishika hilo somo. Walilishika nusu. Agosti 2024 wakamuuza Nketiah kwa Crystal Palace na hawakuleta mshambuliaji wa kati mahali pake. Wakamchukua Sterling kwa mkopo kutoka Chelsea siku ya mwisho ya usajili, na kwenye ligi hakufunga hata bao moja. Msimu ulipofika katikati ikawa kama laana. Saka akaumia msuli wa paja Desemba. Jesus goti, Januari. Dirisha la Januari likafungwa bila kununua mtu. Februari Martinelli msuli, na Havertz msuli, tena huyu aliumia wakati ekipe imeenda kufanya mazoezi Dubai. Mpaka kocha akamweka Merino, kiungo, acheze mshambuliaji. Mechi ya kwanza akaingia akafunga mabao mawili dhidi ya Leicester, tukashangilia kama wendawazimu. Wiki moja baadaye West Ham wakaja wakatufunga 1-0 nyumbani. Ubingwa ukaenda Liverpool.

Najua kuna ndugu yangu wa Liverpool ameshainua mkono. Anataka kusema: "Lakini sisi msimu ule tulinunua mtu mmoja tu wa kuingia kikosini, Chiesa, na hata yeye alicheza kidogo sana, na tukachukua ubingwa!" Ni kweli. Na wa Leicester ya 2016 atasema walibeba kombe na kikosi kidogo. Ni kweli pia. Lakini Leicester hawakuwa na mechi za Ulaya katikati ya wiki. Na Liverpool hawakununua kwa sababu kikosi kilikuwa tayari kimejaa kila nafasi, na watu wao wakubwa wakabaki wazima karibu msimu wote. Ukiwa na bahati ya namna hiyo, mshukuru Mungu. Ila bahati haipangiwi msimu.

Upande mwingine, sisemi pia turundike watu. Chelsea tumewaona wakiwa na wachezaji wengi mpaka wengine wanafanya mazoezi pembeni kama watoto waliofukuzwa darasani. Huo si upana, huo ni msongamano. Upana maana yake kila nafasi iko na mtu wa kwanza na mtu wa pili, na yule wa pili anajua ni wa pili wa nani, na anachezeshwa.

Usajili wa mwaka 2025, naona Arsenal hatimaye walielewa. Gyökeres amekuja kuwa mshambuliaji kamili. Zubimendi na Nørgaard kwenye kiungo. Madueke na Eze mbele. Mosquera na Hincapié nyuma. Kepa golini kumsaidia Raya. Wengine wanasema ni pesa za kutupa. Mimi nawaambia, angalieni wiki tatu tu za kwanza. Havertz goti baada ya mechi ya kwanza. Mechi ya pili, na Leeds, Saka na Ødegaard wote wakatoka wameumia, na bado tukashinda 5-0. Mechi ya tatu, Anfield, mechi haijaanza vizuri Saliba akatoka. Saliba tena! Roho yangu ikarudi 2023. Akaingia Mosquera, kijana mgeni kabisa, akacheza kama amezaliwa pale. Tulifungwa 1-0, ndiyo, kwa frikiki ya Szoboszlai ambayo hakuna beki angeizuia. Tumepoteza mechi lakini ekipe haikuanguka. Hiyo ndiyo tofauti ya benchi.

Na kuna jambo ambalo halikugharimu pesa ya usajili. Myles Lewis-Skelly alikuwa kiungo kwenye vijana. Mabeki wa kushoto walipoumia msimu wa 2024/25, akasukumwa pale akiwa na miaka 18, akabaki pale, na Machi akaitwa timu ya taifa ya Uingereza akafunga bao siku yake ya kwanza. Mechi ile tuliyompiga City 5-1 Februari, yeye alifunga, na Nwaneri wa miaka 17 akafunga. Wangeambiwa "bado hamjaiva, tokeni", nani angecheza?

Sasa turudi kwetu, kwenye vumbi letu.

Kuna mtu ataniambia, "Arsenal iko na madaktari na ndege, sisi tuko na mpira mmoja unaoshonwa kila wiki. Unalinganisha nini?" Nalinganisha hili: Arsenal wanapoteza watu kwa msuli wa paja na goti. Sisi majeraha yetu ni mengine, na ni mengi kuliko yao.

Nimefungua daftari la msimu uliopita. Tulicheza mechi 22. Unajua ni mara ngapi watu kumi na mmoja walewale walianza mechi mbili zinazofuatana? Mara moja. Moja tu. Sababu nimeziandika pembeni kwa kalamu nyekundu. Malaria. Mtihani wa shule. Kwenda leja-leja, kulima shamba la mtu ili nyumbani wale, na hii imeongezeka sana tangu msaada wa chakula ulipokatwa, na hakuna wa kumlaumu mtu anayemtafutia mama yake unga. Kwenda Mbarara kutafuta kazi. Kwenda kuhakikiwa alama za vidole. Mmoja alirudi Kongo kumzika baba yake na hajarudi mpaka leo.

Ndiyo maana nasema, ligi ya Uingereza pamoja na pesa zao wanasajili wachezaji wakubwa mpaka 25, na vijana chini ya miaka 21 hawahesabiwi humo. Wale wenye chakula cha uhakika wanaona 25 ndiyo kiasi. Sisi tusio na uhakika wa kesho tunataka 16? Kocha wetu atabadilisha nani na nani?

Niwakumbushe nusu fainali. Wale mliokuwepo hamtaki kukumbuka, lakini leo tukumbuke. Siku ile uhakiki uliangukia Jumamosi, watu wanne wa kikosi cha kwanza wakawa kwenye foleni toka asubuhi. Beki wa kulia hakuna. Kocha akamwita mmoja wa wale wadogo, miaka 16, akamwambia, "Vaa." Mtoto akavaa jezi inayomfika magotini. Tukafungwa 3-0, na mabao mawili yalipitia upande wake. Baada ya mechi watu wazima walimzomea. Wazima! Alilia njia yote mpaka nyumbani, na mazoezini hakuja mwezi mzima.

Usiku ule nilifungua daftari kutafuta dakika alizokuwa amecheza kabla ya nusu fainali. Sifuri. Alihudhuria mazoezi karibu yote, alibeba maji, alikusanya mipira kwenye miiba, na hatukuwahi kumpa hata dakika kumi za mechi ya kirafiki. Yeye ni Holding wetu. Kosa lilikuwa letu tukamvika yeye. Na sasa jina lake ni la kwanza kwenye ile orodha ya wanne "ambao hawajaiva". Jamani, ndizi haiivi kwa kutupwa nje. Inaiva kwa kufunikwa vizuri na kupewa muda.

Halafu wale watano wenye kesi. Hapa naomba wazee wangu wa kamati wanisamehe, nitasema wazi.

Namba tisa wetu wote mnamjua. Mwaka 2024 ndiye alifunga mabao mengi kuliko mtu yeyote. Familia yao ilikuwa na tarehe ya safari ya kwenda Marekani. Tukamchezea mechi ya kumuaga. Viatu vyake vya mpira alimpa kijana wa jirani. Mama yake aligawa sufuria na kuuza mbuzi. Halafu Januari 2025 Marekani wakasimamisha mpango wao wa kupokea wakimbizi, na safari ikafa siku chache kabla. Watu wa nje huona hiyo kama habari. Sisi tuliona mama akizunguka kuomba sufuria zake zirudi.

Alikaa ndani wiki nyingi. Machi akarudi uwanjani na viatu vya kuazima, kimoja kimekazwa na kamba. Nafasi yake ilikuwa imeshachukuliwa, akakaa benchi bila kununa. Sasa naambiwa aondolewe kwa sababu "mawazo yake yako Marekani, hana moyo". Daftari linasema hivi: tangu amerudi, amekosa mazoezi mara mbili tu. Kati ya wale 16 wanaobakizwa, kuna ambao wamekosa mara kumi na tano. Nani hana moyo?

Na hata kama angeondoka kesho, kwani nani hapa haondoki? Huu ni usajili wetu: dirisha letu halifungwi tarehe yoyote, na anayehamisha watu wetu si klabu nyingine. Ukimkata kila mtu anayeweza kuondoka, utabaki na magoli mawili na nyasi. Dawa ya kuondoka kwa mtu ni kumwandaa wa pili wake akiwa bado yupo amfundishe. Namba tisa anayeweza kuondoka ndiye hasa wa kumweka karibu na kijana wa miaka 16.

Kuna mechi moja napenda kuwasimulia wadogo zetu. Juni 2022, huko Qatar, Australia na Peru, anayeshinda anakwenda Kombe la Dunia. Dakika 120 hakuna bao. Dakika za mwisho kabisa kocha wa Australia akamtoa kipa wake wa kwanza ambaye ndiye kapiteni, Mat Ryan, akamwingiza wa pili, Andrew Redmayne, kwa ajili ya penalti tu. Watu wakadhani kocha amechanganyikiwa. Penalti zikapigwa mpaka ya sita. Ya sita ya Australia akapiga Awer Mabil, aliyekuwa ametoka benchi, akafunga. Ya sita ya Peru Redmayne akaidaka. Kwisha. Huyo Mabil amezaliwa wapi? Kakuma. Mtoto wa kambi. Watu wawili wa benchi wakaipeleka nchi nzima Kombe la Dunia.

Kwa hiyo sikuja kulalamika tu. Nina mapendekezo, nitayasoma Jumapili hata kama sijapewa nafasi.

La kwanza, tubaki 25. Jezi ziwe za ekipe, si za mtu. Jezi 16 zinatosha mechi yoyote, maana uwanjani wanaingia kumi na mmoja na wengine watano wanabadilisha. Baada ya mechi zinarudi, zinafuliwa kwa zamu, mimi nitaandika. Kamati ilihesabu jezi badala ya kuhesabu watu.

La pili, kila nafasi iandikwe mtu wa kwanza na wa pili, wajuane na wafanye mazoezi pamoja.

La tatu, mechi zote za kirafiki, kipindi cha pili ni cha benchi. Tufungwe hata nne, haidhuru. Afadhali kufungwa Julai kuliko kumliza mtoto kwenye nusu fainali.

La nne, mwenye kesi ni mchezaji wetu mpaka siku anapanda basi. Siku hiyo tutamwimbia.

Na kwenu ndugu wa mashirika: tunashukuru kwa hizo jezi 16, kweli kabisa, na tunajua mikono yenu pia imebanwa. Lakini mnapokuja kupiga picha, msitupige wale kumi na mmoja peke yao. Wanaobaki nyumbani bila kazi, bila shule, bila safari, mara nyingi ndio wale wa benchi, na mazoezi ya saa kumi jioni ndiyo sababu pekee ya wao kutoka nje siku hiyo. Kama hamna jezi, leteni mipira miwili. Kama hamna mipira, mtuulize tu ratiba yetu kabla ya kupanga uhakiki Jumamosi.

Jumapili saa tisa, chini ya mti uleule. Wale tisa nimewaomba waje wote, na namba tisa amesema atakuja. Mzee aliyeniambia niandike tu, namheshimu, na nimemtii. Nimeandika. Daftari nitalibeba, atakayetaka kuona dakika za mtu yeyote nitamfungulia ukurasa.